Je, Wajua? Mbata Inayojiwasha, Gesi Iliyotiwa Uvundo na Paka wa Miaka 10,000

Hakuna maandishi yanayopuuzwa kama yale madogo ya kwenye pipa la asidi, chupa ya dawa ya magugu au mgongo wa lori la mafuta. Hasara yetu! Humo mna visa vya vifo na mahakama, watoto wajanja, na wataalamu waliokosa usingizi wakitafuta namna ya kumwonya mtu ambaye bado hajazaliwa. Soma, kisha ukawatambie wenzako kijiweni.

Mbata inaweza kujiwasha yenyewe

Nazi kavu, mbata hii hii ya Pwani na Visiwani, imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya shehena hatari kwa namba 1363. Imewekwa daraja la 4.2, la vitu vinavyoweza kushika moto bila kiberiti wala cheche. Mafuta yaliyomo hukutana na hewa na unyevu, joto likaanza kufukuta katikati ya lundo, na likikosa pa kutokea hupanda hadi moshi ukaonekana. Ukiiona sokoni utadhani ni mali ya mkamua mafuta tu. Kumbe ndani ya tumbo la meli, mbata ambayo haikukauka sawasawa humnyima nahodha usingizi.

Majirani wa mbata kwenye orodha hiyo

Manukato yana namba 1266. Pombe kali ni 3065. Viberiti vya kawaida, 1944. Unga wa samaki una namba mbili: 1374 ukiwa haujatiwa dawa ya kuuzuia usipate joto, na 2216 ukiwa umetiwa. Hata gari la mtumba linalotoka Japani lina namba yake, 3166, kwa sababu ya mafuta na betri iliyomo.

Mkaa nao umo: 1361. Kwa miaka mingi mkaa uliofaulu kipimo cha maabara uliruhusiwa kusafiri baharini kama mzigo wa kawaida. Meli ziliungua, kanuni zikabadilishwa, na tangu Januari 1, 2026 msamaha huo haupo tena. Orodha yenyewe ilianza kuchapishwa mwaka 1956, na wenye kazi yao huiita Kitabu cha Chungwa kwa sababu ya rangi ya jalada. Namba zote zina tarakimu nne, na ukiona iliyoanza na sifuri, rudi nyuma: hizo ni za vilipuzi.

33 juu, 1203 chini

Namba 1203 ni jina la petroli duniani kote, iwe Dar es Salaam, Rotterdam au Muscat. Katika nchi zinazofuata mkataba wa ADR wa kusafirisha shehena hatari barabarani, uliotiwa saini Geneva mwaka 1957, lori la petroli hubeba kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili: 1203 chini kutaja kitu chenyewe, na 33 juu kutaja ubaya wake. Tarakimu 3 ni kimiminika kinachowaka. Ikirudiwa mara mbili maana yake kinawaka vibaya sana. Dizeli, iliyo pole kidogo, huandikwa 30 juu ya 1202. Na ukiona herufi X mbele ya namba, kama X423 ya sodiamu, zimamoto wanaambiwa wasithubutu kumwaga maji, kwa sababu maji ndiyo yatakayochochea balaa.

Kwa nini petroli ipewe tarakimu mbili? Kwa sababu hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi kali kuliko friza yoyote ya duka la samaki, bado inatoa mvuke unaoweza kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoroki juu. Hutambaa chini mitaroni na miguuni mwa watu ukitafuta moto. Ndivyo ilivyokuwa Sachangwan nchini Kenya Januari 2009, Sange huko Kivu Kusini Julai 2010, na Msamvu, Morogoro Agosti 2019. Kila mahali lori lilianguka, watu wakakusanyika kuchota, na kila mahali walikufa zaidi ya mia moja; Sange walipita mia mbili. Kibao kile kimetengenezwa kisomwe kwa mbali, na aliyekisoma akae huko huko mbali.

Lebo yenye ujuzi wa kuogelea

Kanuni za kimataifa za shehena hatari baharini zinataka alama za kwenye pipa au boksi zibaki zinasomeka hata baada ya kukaa ndani ya maji ya bahari kwa miezi 3. Karatasi ya kawaida na gundi ya dukani haimalizi hata wiki. Sababu ni rahisi: mzigo ukianguka baharini leo, mvuvi anaweza kuukuta ufukweni baada ya siku nyingi, na yeye ndiye anayehitaji kujua kilichomo kuliko mtu mwingine yeyote.

Bahari ya Hindi inalijua somo hili. Mei 2021 meli X-Press Pearl ilishika moto karibu na Colombo, Sri Lanka ikiwa na kontena 1,486, na kati ya hizo 81 zilikuwa na bidhaa hatari. Kontena moja la asidi ya nitriki lilikuwa likivuja. Bandari ya Hamad nchini Qatar na ya Hazira nchini India hazikukubali kulipokea. Lebo ilijulikana na hatari ilijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "lete hapa".

Mzigo wa Beirut ulikuwa unakwenda Beira

Zile tani 2,750 za amoniamu nitrati zilizolipuka Beirut Agosti 4, 2020 zilipakiwa Georgia kwa safari ya kwenda Beira, Msumbiji. Meli ya Rhosus iliyozibeba ilikwama Beirut mwaka 2013, mzigo ukaingizwa ghalani na kukaa humo miaka. Kitu hicho hicho kina sura mbili: kina namba 2067 kikiwa katika aina fulani za mbolea, na 1942 kikiwa katika sura inayopendwa na watengenezaji wa baruti za migodini. Haitoshi kuandika "mbolea" kwenye gunia ukadhani umemaliza kazi.

Pipa lisilo na jina liliua watu 20

Mwaka 1858, mjini Bradford, Uingereza, watu wapatao 20 walikufa na zaidi ya 200 wakaugua kwa kula peremende za mnanaa. Siku hizo sukari ilikuwa ghali, na watengeneza peremende walikuwa na mazoea ya kuichakachua kwa unga mweupe wa jasi. Kibarua wa duka la dawa akaelekezwa kwamba unga huo uko kwenye pipa pembeni, juu darini. Akachota pauni 12, kama kilo 5 na nusu. Pipa alilochota lilikuwa la aseniki: unga mweupe vilevile, usio na harufu, na bila neno lolote la maana juu yake.

Nakuomba usikilize hili. Mchuuzi aliyeziuza sokoni aliona peremende zina rangi isiyo ya kawaida, akafanya walichokifanya wachuuzi tangu dunia iumbwe: akaomba apunguziwe bei. Akapunguziwa. Yeye mwenyewe aliionja, akaugua, na bado akaendelea kuuza.

Hakuna aliyefungwa, kwa kuwa hakukuwa na sheria iliyovunjwa wazi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1868, Uingereza ikapitisha sheria ya maduka ya dawa iliyobana uuzaji wa sumu na kutaka chombo chake kiandikwe kuwa ni sumu.

Aseniki ilipakwa masizi kwa amri ya bunge

Miaka saba kabla ya kisa cha Bradford, bunge la Uingereza lilikuwa limeamuru aseniki ya rejareja ichanganywe na masizi au nili. Unga mweupe unafanana na sukari na unga wa ngano. Ukiwa mweusi au wa buluu, nani atautia kwenye keki? Mnunuzi pia alitakiwa kuandika jina lake kwenye daftari la duka. Ni wazo zuri ajabu: ukishindwa kumfanya mtu asome lebo, geuza sumu yenyewe iwe lebo.

Neno moja lililoipa serikali meno

Mwaka 1937 nchini Marekani dawa ya maji ya kutibu maambukizi iliua zaidi ya watu 100, wakiwamo watoto wengi. Iliyeyushwa kwa diethilini glikoli, kemikali tamu yenye sumu inayoharibu figo. Sasa shika kiti: kwa sheria ya wakati ule kuuza dawa yenye sumu bila kuipima halikuwa kosa. Lakini kiwanda kiliiita "Elixir", jina ambalo kisheria lilitumika kwa dawa yenye alkoholi, na hii haikuwa na alkoholi hata tone. Kwa kosa hilo la lebo peke yake, wakaguzi wa serikali walisambaa nchi nzima wakaikamata karibu yote iliyosalia. Kama kiwanda kingeandika tu "maji ya dawa", wangekuwa mikono mitupu. Mwaka uliofuata sheria ikaandikwa upya, na kuthibitisha usalama kabla ya kuuza kukawa lazima.

Onyo la Kihispania kwa mkulima wa Iraki

Hiki ndicho kisa kizito kuliko vyote. Mwishoni mwa mwaka 1971 Iraki ilipokea zaidi ya tani 90,000 za mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa methili zebaki ili zisishambuliwe na ukungu shambani. Ngano ilitoka Mexico, kwa hiyo magunia mengi yaliandikwa Kihispania, mengine Kiingereza. Kulikuwa na fuvu na mifupa, alama isiyomwambia chochote mwanakijiji ambaye hajawahi kuiona. Kulikuwa pia na rangi nyekundu ya kutahadharisha, lakini rangi ilitoka kwa maji, na watu wakaamini kwamba rangi ikitoka sumu nayo imetoka.

Katika baadhi ya sehemu mbegu zilichelewa, msimu wa kupanda ukapita. Wapo waliozijaribu kwanza kwa kuku na mifugo. Siku zikapita, wanyama wazima. Zebaki ya namna hii haina haraka, huchukua majuma au miezi kuonyesha makali. Wakasaga, wakaoka mikate. Hospitali zilipokea wagonjwa 6,530, na 459 kati yao walifia humo. Kila aina ya onyo ilikuwapo kwenye yale magunia, maandishi, picha na rangi, na hakuna hata moja lililofika.

Nchi nne, majina manne, sumu ileile

Kabla ya dunia kukubaliana, kemikali moja yenye kiwango kilekile cha sumu ingeweza kuitwa "yenye sumu" Marekani, "yenye madhara" Malaysia, "isiyo na sumu" India na "isiyo hatari" China. Kilichobadilika njiani ni muhuri wa bandari tu. Mkutano wa Rio wa mwaka 1992 ulitaka fujo hiyo ikomeshwe, na mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ukachapisha mfumo mmoja katika kitabu chenye jalada la zambarau. (Ndiyo, wana Kitabu cha Chungwa na Kitabu cha Zambarau. Hawa watu wanapenda rangi.)

Mfumo huo una picha 9 tu, kila moja nyeusi ndani ya mraba mwekundu uliosimama kwa pembe yake. Samaki aliyekufa pembeni ya mti mkavu ni onyo la mazingira. Kifua cha mtu chenye nyota iliyopasuka ni madhara ya polepole kama saratani. Maneno ya kuamsha ni mawili: Hatari kwa kilicho kikali, Onyo kwa kilicho pole. Hayawekwi pamoja kwenye lebo moja. Likiwapo la kwanza, la pili hunyamaza. Tanzania, anayesimamia kemikali za viwandani na majumbani ni Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2003.

Fuvu lililowachekesha watoto

Mwaka 1971 daktari mmoja wa hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, Richard Moriarty, alikuja na wazo la kulistaafisha fuvu. Watoto wa mji ule walikuwa wakiliona fuvu wanafikiria maharamia, na maharamia ni raha: timu ya besiboli ya mji inaitwa Pirates, na mwaka ule ilitwaa ubingwa. Wakaulizwa watoto wenyewe ni uso gani na rangi gani inachukiza. Wakachagua uso wa kijani uliokunjamana na kutoa ulimi, kama wa aliyelamba shubiri. Akaitwa Mr. Yuk, na amebandikwa kwenye chupa za sumu za majumbani hadi leo.

Alama iliyochaguliwa kwa sababu haina maana

Ile alama ya mapete matatu yaliyoshikana, inayoonekana kwenye ndoo za taka za hospitali, ilibuniwa mwaka 1966 katika kampuni ya Dow huko Marekani ikiwa haifanani na kitu chochote, na hivyo ndivyo walivyotaka. Charles Baldwin na wenzake waliwaonyesha watu michoro kadhaa na kuwauliza inawakumbusha nini. Kisha baada ya siku chache wakawauliza ni ipi wanaikumbuka. Iliyoshinda ndiyo iliyokumbukwa zaidi na kukisiwa kidogo zaidi. Kitu kisicho na maana ya zamani unaweza kukifundisha maana mpya bila mabishano. Isitoshe, ina pande tatu zilizo sawa, kwa hiyo hata boksi likipinduliwa alama hutambulika kwa urahisi.

Wakenya walisaidia kuamua sura ya hatari ya mionzi

Alama ya mionzi ya mapanga matatu ilichorwa Berkeley, California mwaka 1946, ikiwa na rangi ya zambarau-nyekundu juu ya buluu. Ina kasoro moja: asiyefundishwa huona feni. Mwaka 1987 waokota vyuma chakavu mjini Goiânia, Brazili waliifungua mashine ya zamani ya kutibu saratani na kukuta unga unaong'aa buluu gizani. Waligawana kama zawadi. Wanne walikufa, na watu zaidi ya 112,000 ilibidi wapimwe.

Mwaka 2007 ikatangazwa alama ya nyongeza: pembetatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu na mtu anayekimbia. Ilijaribiwa kwanza kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwamo pamoja na Brazili, India na Saudi Arabia, wasomi na wasiosoma. Haiwekwi nje ya mashine ambako mgonjwa ataiona akashtuka. Inawekwa ndani, karibu na chanzo chenyewe, ili akutane nayo yule tu aliyeanza kufungua asichotakiwa kufungua.

Paka wa miaka 10,000

Huko New Mexico, Marekani, kuna taka za nyuklia zilizozikwa mita 655 chini ya ardhi, ndani ya mwamba wa chumvi, na wataalamu walipewa kazi ya kuandaa onyo litakaloeleweka kwa miaka 10,000. Piramidi kuu ya Misri haijafikisha hata nusu ya umri huo. Pendekezo lilikuwa kuchonga ujumbe kwa lugha saba: sita za Umoja wa Mataifa na Kinavajo, lugha ya wenyeji wa eneo lile. Na kwa kuwa lugha hufa, pakapendekezwa pia nyuso zenye hofu na mandhari ya miiba mikubwa ya mawe.

Lakini wazo ninalolipenda mimi lilitolewa mwaka 1984 na Françoise Bastide na Paolo Fabbri. Walisema: tuzalishe paka watakaobadilika rangi wakikaribia mionzi, kisha tutunge nyimbo, hadithi na methali za kufundisha vizazi kwamba paka akibadilika rangi, kimbia. Maandishi yanaweza kufutika, lakini hadithi ya bibi kwa mjukuu haihitaji wino. Paka hao hawajazalishwa, na ninasikitika.

Gesi ya kupikia haina harufu

Ule uvundo unaousikia mtungi unapovuja umetiwa kiwandani. Machi 18, 1937 gesi asilia isiyo na harufu ilivuja chini ya shule ya New London, Texas na kulipuka, ikaua watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Muda si mrefu Texas ikatunga sheria ya kutia gesi harufu, na wengine wakafuata. Kinachotiwa kwenye gesi ya mitungi ni etili merkaptani, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe moja tu katika mabilioni ya chembe za hewa.

Kemikali hiyo hutoka pia kwenye mizoga inayooza. Marekani, mafundi wa mabomba ya gesi walijifunza kutazama juu: pale tai wenye vichwa vyekundu wanapozunguka bila mzoga chini, bomba limepasuka. Kwako nyumbani hakuna tai, kuna pua yako. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni, kwa hiyo fungua mlango kwanza na usiguse swichi.

Mchezo wa video uliotiwa uchungu

Kadi ndogo za mashine ya michezo ya Nintendo Switch zimepakwa denatoniamu, kitu kinachotambuliwa kuwa kichungu kuliko vyote duniani. Kiligunduliwa Uskoti mwaka 1958 na watafiti waliokuwa wakitafuta dawa ya ganzi. Sababu ya kukipaka ni kwamba kadi ni ndogo na mtoto huiona kama peremende. Akiitia mdomoni ataitema kabla mama hajageuka. Hutiwa pia kwenye spiriti ya kuchoma na maji ya rejeta. Kwa asiyejua kusoma na asiyesikia makaripio, ulimi ndio msomaji.

Pembetatu kwa kidole cha asiyeona

Ulaya, chupa za kemikali kali za nyumbani lazima ziwe na kijipembetatu kilichoinuka, kinachopapaswa kwa kidole. Asiyeona akikishika anajua hiki si sharubati. Tangu karne ya 19 wauza dawa walikuwa na hila kama hiyo: chupa za sumu za buluu iliyoiva, zenye pembe sita na mistari inayokwaruza, kwa ajili ya mtu anayepapasa dawa usiku taa ikiwa imezimwa.

Dawa ya magugu yenye kufuli tatu

Parakwati, dawa kali ya magugu, zamani ilikuwa maji ya kahawia yaliyofanana na soda, na watu waliinywa kwa kukosea baada ya kuhamishiwa kwenye chupa za vinywaji. Watengenezaji wakaitia rangi ya buluu-kijani, harufu mbaya na kitu cha kumtapisha aliyemeza. Lebo ya karatasi hubaki kwenye chombo cha kwanza. Rangi na harufu huhama pamoja na sumu.

Na ukiingia duka la pembejeo, tazama mkanda wa rangi chini ya lebo kabla ya kuuliza bei. Nyekundu ni sumu kali kabisa, njano inafuata, buluu ni nafuu, kijani ni nafuu zaidi. Nafuu, si salama.

Usiamini rangi ya mtungi wa oksijeni

Kwa viwango vya kimataifa bega la mtungi wa oksijeni ni jeupe. Marekani mtungi wa oksijeni ni wa kijani. Kwa hiyo hospitali inayopokea msaada kutoka pande mbili inaweza kuwa na gesi moja katika mavazi mawili. Kinachoaminika ni jina lililoandikwa.

Kemikali ya kutisha iliyopigiwa kura

Mwaka 1997 mwanafunzi wa miaka 14 huko Idaho, Marekani aliwaeleza wenzake 50 kuhusu kemikali inayounguza ikiwa mvuke, inayokula chuma, iliyomo kwenye mvua ya asidi, na inayoua ikivutwa mapafuni. Ipigwe marufuku? 43 wakasema ndiyo. Kemikali yenyewe ilikuwa maji.

Angewapa namba yake ya usajili wangeweza kuikagua: 7732-18-5. Kila kemikali iliyosajiliwa ina namba ya namna hii, na tarakimu ya mwisho ni mlinzi wa zilizotangulia. Anzia kulia ukiiacha hiyo 5: 8 mara 1, 1 mara 2, 2 mara 3, 3 mara 4, 7 mara 5, 7 mara 6. Jumla ni 105, inayoishia na 5. Karani akikosea tarakimu moja, mara nyingi hesabu inagoma.

Pawabenki yako ni shehena hatari namba 3480

Mashirika ya ndege huruhusu pawabenki hadi wati-saa 100 bila kuomba kibali, ikiwa kwenye begi la mkononi na si la kupakiwa chini. Kama yako imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: yenye 20,000 ni wati-saa 74, inapita, yenye 30,000 ni 111, utasimamishwa. Na iliyofutika maandishi? Mkaguzi hana cha kusoma, utaiacha uwanjani.

Krimu inayokukataza kuvaa dhahabu

Krimu ya kujichubua yenye zebaki mara nyingi haitaji zebaki kwenye lebo, lakini hujisaliti. Shirika la Afya Duniani linasema maelezo yanayokutaka uepushe krimu na dhahabu, fedha, alumini, mpira au vito ni dalili kwamba zebaki imo, kwa kuwa zebaki hushambulia metali hizo. Ukikuta pia neno "calomel", "mercurio" au "mercuric iodide", ni zebaki hiyo hiyo kwa jina jingine. Inaharibu figo, na huwafikia hata watoto kwa kugusana na ngozi na mashuka. Ukiona kopo linaloihurumia pete yako kuliko uso wako, lirudishe rafuni.